Picha ya Alexander: ya nani, na ya lini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia, niko Morogoro. Ninaandaa maelezo ya kuweka chini ya picha katika kitabu cha wanafunzi wa sekondari. Nina picha nne za ulimwengu wa kale: Alexander Mkuu vitani, safari ya Wamisri kwenda nchi ya Punt, wapiganaji wa Roma, na Mnara wa Babeli. Mhariri mmoja anataka niandike "mchoro", mwingine "taswira", wa tatu anasema neno la Kiswahili safi ni "sanamu". Ili nisikosee nimeandika "picha ya kale ya..." kote kote. Je, niko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nashukuru kwamba ulinitumia na picha zenyewe, maana bila kuziona ningekujibu vibaya.

Neno "picha" halina kosa. Lilitoka Kiingereza, likaota mizizi kwetu, na leo linabeba kila kitu, kuanzia picha ya pasipoti hadi picha ya ukutani. Linalonisumbua katika maelezo yako si hilo. Ni hayo maneno mawili yanayofuata: "ya kale".

Tuanze na Mnara wa Babeli. Picha uliyonitumia ilichorwa na Pieter Bruegel mwaka 1563. Itazame kwa karibu. Mnara umejengwa kwa matao juu ya matao, kama Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Roma ya kale, na pembeni kuna bandari yenye meli za Ulaya za zama za mchoraji mwenyewe. Chini yake umeandika "Picha ya kale ya Mnara wa Babeli". Mwanafunzi akisoma hivyo ataamini kwamba kuna mtu aliyekaa Babeli, akautazama mnara, akauchora. Cha kale hapa ni kisa cha mnara. Picha ni ya karne ya 16.

Katika Kiswahili, "kale" si sawa na "zamani". Picha ya harusi ya babu yako ni picha ya zamani. Nguo aliyovaa pengine ni ya kizamani, yaani imepitwa na wakati. Lakini "ya kale" tunaiweka mbali zaidi: Misri ya kale, Agano la Kale, Idara ya Mambo ya Kale. Ukiita picha "ya kale" unadai kwamba picha yenyewe imetoka huko. Kwa hiyo kwanza jiulize: ni picha iliyotoka ulimwengu wa kale, au ni picha inayouonyesha ulimwengu wa kale? Msomaji wako hana njia ya kujua isipokuwa umwambie.

Hapa sarufi yetu inaweza kukusaidia au kukuangusha. Chukua maneno "picha ya Misri ya kale". Kilicho cha kale ni kipi, picha au Misri? Yote mawili yanachukua "ya", kwa hiyo upatanisho wa ngeli haukuonyeshi lolote. Sasa weka "mchoro": "mchoro wa Misri ya kale", na upande wa pili "mchoro wa Misri wa kale". Mara moja sikio linajua. "Ya" imeshikana na Misri, "wa" imeshikana na mchoro. Ndiyo maana ninakubaliana na mhariri wako wa kwanza, ingawa huenda yeye alikuwa na sababu nyingine. Mahali ambapo "picha" inaacha mlango wazi, "mchoro" unaufunga.

Usiogope kwamba "mchoro" ni wa penseli tu. Kuchora, katika matumizi ya zamani, kulikuwa pia kukata na kukwaruza alama juu ya kitu kigumu, ubao au jiwe, na baadaye ndipo kukaegemea zaidi kalamu na karatasi. Na pale Kondoa, mahali palipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, tunasema "michoro ya miambani", na ile ni michoro ya rangi, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Neno lina upana wa kutosha.

Kiunganishi "-a" kina mtego mwingine, nao ninauona kila wiki magazetini. "Picha ya Gérôme." Ni picha inayomwonyesha Gérôme, au aliyoichora Gérôme, au ile anayoimiliki? Kiswahili kinaruhusu zote tatu. Picha yako ya wapiganaji wa Roma ni kazi ya Jean-Léon Gérôme, Mfaransa, ya mwaka 1872. Mshindi amesimama uwanjani, mguu wake uko juu ya mwenzake aliyeanguka, na watazamaji jukwaani wamenyoosha mikono na kugeuza vidole gumba chini. Watu wengi duniani wanaamini Warumi walihukumu kifo kwa gumba la chini, na picha hii ni miongoni mwa sababu kubwa za imani hiyo. Maandishi ya Kilatini yanataja gumba "lililogeuzwa". Hayasemi liligeuzwa kuelekea wapi. Mchoraji ndiye aliyeamua kwamba ni chini.

Ndiyo maana hapa "picha ya wapiganaji wa Roma" haitoshi. Kiswahili kina muundo mzuri sana kwa kazi hii, nao ni "kama" pamoja na "-vyo". Andika hivi: "Wapiganaji wa Roma ya kale kama alivyowawazia Jean-Léon Gérôme, 1872." Neno "alivyowawazia" linamweka mchoraji mbele ya msomaji, akiwa na mawazo yake na karne yake. Hata kwa Bruegel utaandika vivyo hivyo: "Mnara wa Babeli kama alivyouwazia Pieter Bruegel, 1563." Pale ambapo mchoraji alikiona kitu kwa macho yake, unasema "kama alivyokiona". Tofauti ni kitenzi kimoja tu.

Sasa Alexander. Hii yako ni picha kubwa ya sakafuni iliyofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Italia, mwaka 1831, na siku hizi iko kwenye jumba la makumbusho la Naples. Haikuchorwa kwa brashi; ilipangwa kwa vipande vidogo vya mawe ya rangi, zaidi ya milioni moja. Wengine huiita mozaiki, na mimi sina ugomvi na neno hilo, ila mara ya kwanza lifafanue: "picha iliyopangwa kwa vipande vya mawe". Hapa "picha ya kale" ni sahihi kabisa, kwa kuwa Pompeii ilifunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK. Hata hivyo, iliwekwa pale kiasi cha miaka 200 baada ya Alexander kufa mwaka 323 KK. Yaani ni ya kale, lakini si ya wakati wake. Mwanafunzi anastahili kuambiwa hilo pia.

Na ni picha hii hii inayoniruhusu kumjibu mhariri wako wa pili, yule wa "taswira". Karibu na gari la Dario wa 3, mfalme wa Uajemi, kuna askari aliyeanguka, na mbele yake ipo ngao iliyosuguliwa ikang'aa. Uso wake unaonekana ndani ya ngao. Anajitazama huku farasi na magurudumu yakimjia. Kile kilicho ndani ya ngao, mwalimu, ndicho taswira. Katika somo la fizikia tunaita taswira kile kinachoonekana kwenye kioo, na katika fasihi tunaita taswira ile picha inayojengeka akilini mwa msomaji. Neno linafaa kwa kitu kinachoonekana bila kushikika. Jiwe la sakafuni unaligusa, kwa hiyo hilo liite picha, na lile la ngaoni ndilo uliite taswira. Ninasikitika kuona neno zuri namna hii likitumiwa siku hizi kila mahali, eti kwa sababu lina uzito kuliko "picha".

Mhariri wa tatu naye ana hoja, na ninaiheshimu. Zamani "sanamu" ilimaanisha mfano wowote wa kitu au mtu, uliosimama au ulio bapa. Katika Biblia ya Union Version, Yesu anapoletewa dinari yenye kichwa cha Kaisari anauliza: "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Pale sanamu iko kwenye sarafu. Lakini katika Biblia hiyo hiyo kuna "sanamu ya kuchonga", na maana hiyo ndiyo iliyoshinda. Leo ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "sanamu", anafikiria ile ya Askari pale Posta. (Wengi hudhani "sanamu" na "sanaa" ni ndugu. Yote yametoka Kiarabu, lakini kwa mashina tofauti. La kwanza lilihusu vitu vya kuabudiwa, la pili ufundi.) Kwa hiyo liweke neno hilo kwa vitu vinavyosimama, vyenye mbele na nyuma.

Picha ya Punt iko katikati, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Imo kwenye kuta za hekalu la malkia Hatshepsut, Deir el-Bahri, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor. Mafundi walichonga jiwe la ukuta, kisha wakapaka rangi. Utaona nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, zikipandwa kwa ngazi, miti ya ubani ikipakiwa melini na mizizi yake, na samaki waliochongwa kwa uangalifu chini ya meli. Si sanamu, maana hazijatengana na ukuta. Si michoro mitupu, maana zimechongwa. Nomino "mchongo" ingefaa, ila mitaani kwetu sasa imekuwa na maana ya dili au kazi ya kupatia pesa, na wanafunzi wako watafikia huko kwanza. Acha nomino, tumia kitenzi: "Picha zilizochongwa ukutani na kupakwa rangi, hekalu la Hatshepsut, karne ya 15 KK." Kitenzi kinasema kilichofanyika, na hakuna atakayekiuliza zaidi. "Nakshi" usiiguse hapa. Nakshi ni mapambo, kama maua na misokoto ya milango ya Lamu na Zanzibar. Watu wanaopakia meli hawawi nakshi.

Nimeona pia mambo mawili katika rasimu yako ambayo nadhani yametoka kwenye programu ya kutafsiri. Umeandika "takwimu maarufu za ulimwengu wa kale". Kiingereza kina neno moja linalotumika kwa tarakimu na pia kwa mtu mashuhuri; Kiswahili hakina. Andika "watu mashuhuri". Na uliposema "mandhari ya vita" juu ya Alexander na Dario, ulitaka kusema "tukio". Mandhari ni milima, mto, anga. Watu wakichinjana ni tukio.

"Picha ya kihistoria" uitumie kwa uchache. Picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 ni ya kihistoria, kwa kuwa tendo lenyewe liliingia katika historia mbele ya kamera. Kazi ya Gérôme ni picha inayohusu historia.

Mchapishaji akikudai neno "kielelezo", mpe, lakini kwenye namba tu: Kielelezo Na. 4. Neno hilo limetoka katika ukoo wa "elea" na "eleza", na linataja kazi ya picha kitabuni, kwamba inafafanua jambo. Haliambii mtu imetengenezwa na nani wala lini. Mahakamani hata panga huwa kielelezo. Baada ya namba, weka nukta, kisha uandike jina la aliyeitengeneza kama linajulikana, kitenzi cha alichokifanya, na mwaka.