Maharage ya Kasulu: Nipande Novemba au Machi?

SWALI: Ninalima maharage wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mwaka juzi nilipanda tarehe 10 Novemba. Yakastawi mno kwa majani, lakini maganda mengi yakaoza na punje nyingine zikaota zikiwa bado ndani ya maganda. Mwaka jana nilisubiri hadi tarehe 20 Machi. Maua yakawa mengi, lakini maganda yakabaki membamba. Mbegu ilikuwa ileile. Nipande lini?

JIBU: Ndugu mkulima, mbegu yako haina kosa. Wengi wetu huuliza mvua itaanza lini, ilhali kwa maharage lenye uzito zaidi ni kujua itakwisha lini, kwa sababu zao hili hukaa shambani siku 75 hadi 95 tu, likitaka unyevu wa kutosha wakati wa maua na wa kujaza maganda, kisha jua wakati wa kukauka.

Hebu tuhesabu. Maharage mafupi, yaani yasiyotambaa, huanza kutoa maua siku 35 hadi 45 baada ya kupandwa. Uliyopanda tarehe 10 Novemba yalichanua karibu na Krismasi na kukomaa mwanzoni mwa Februari, yaani yaliishi maisha yake yote ndani ya mvua. Majani yasiyokauka hualika magonjwa ya ukungu kama chule na madoa pembe, na udongo uliojaa maji huinyima mizizi hewa. Uliyopanda tarehe 20 Machi yalichanua mwishoni mwa Aprili, na yalipoanza kujaza maganda mwezi Mei, mvua ilikuwa inaaga. Isitoshe, maharage yanayochelewa kuliko ya majirani huandamwa zaidi na inzi wa maharage, ambaye funza wake hutoboa shina la mche mchanga.

Kwa Kasulu, ningependelea upande kati ya katikati ya Februari na wiki ya kwanza ya Machi. Yaliyopandwa tarehe 20 Februari huchanua mwanzoni mwa Aprili, mvua ikiwapo, na kukomaa katikati ya Mei. Tarehe hizi si amri: soma kwanza utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha chimba shambani kina cha kiganja; udongo ukishikamana unapoufinyanga bila kuchuruzika maji, panda. (Ndugu zetu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, wana shida nyingine: usiku usipopoa chini ya nyuzi 20 hivi, maua hupukutika hata mvua ikiwa nzuri.)

Ukilazimika kupanda Novemba, chagua mteremko usiotuamisha maji, acha sentimita 50 kati ya mistari ili upepo upite, na maganda yakigeuka manjano usisubiri yakaukie shambani: ng'oa mashina, uyatandaze kwenye kichanja chini ya paa.