Kamera ya zumu iliyotumika: kague lenzi kwanza

SWALI: Nimepata kamera mbili ndogo za safari, zote zimetumika. Moja ina zumu ya mara 30 na haina hata mchubuko. Nyingine ni ya mara 10 tu, imechakaa kidogo, lakini muuzaji anasema ndiyo bora. Nikague nini, na nichukue ipi?

JIBU: Mchubuko usikutishe. Kinachoziua kamera hizi ni lenzi inayotoka na kurudi ndani. Inasukumwa na mota ndogo na giya za plastiki, na chembe ya mchanga inatosha kuikwamisha. Gharama ya kuitengeneza mara nyingi huzidi bei ya kamera.

Iwashe na kuizima mara tano, kisha vuta zumu hadi mwisho na kuirudisha, sikio likiwa karibu. Mlio laini wa mota ni wa kawaida. Ukisikia mkwaruzo, au lenzi ikisita katikati, mrudishie muuzaji kamera yake.

Halafu piga picha ya mbingu au ukuta mweupe, zumu ikiwa mwisho kabisa. Huko uwazi wa lenzi, yaani tundu la kupitisha mwanga, huwa mdogo (f/6 hadi f/7; namba ikikua, tundu hupungua), na vumbi lililoingia ndani hujitokeza kama madoa ya kijivu. Kwa kuwa lenzi haifunguki, huwezi kulifuta mwenyewe. Piga pia ukurasa wa gazeti ulioubandika ukutani, ukisimama mkabala nao, kisha linganisha pembe nne. Moja ikiwa na ukungu na nyingine kali, kuna uwezekano mkubwa kamera iliwahi kuanguka.

Chomoa betri. Ikikwama, au ubavu wake umetuna, imevimba: usiichaji tena, na hesabu bei ya mpya.

Ama kuhusu ipi, muuzaji huenda ana hoja. Nyingi za mara 30, kama Sony HX90V (lenzi ya milimita 24 hadi 720; namba ikikua, huvuta mbali zaidi), zina sensa, yaani kipande kinachonasa picha, ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Panasonic TZ100 ya mara 10 ina sensa ya 13.2 kwa 8.8, eneo kama mara nne, kwa hiyo jioni na ndani ya nyumba picha zake hazina chengachenga nyingi. Ila TZ100 inajulikana kwa kuingiza vumbi, kwa hiyo lile jaribio la mbingu usiliruke. Kama shabaha yako ni ndege na wanyama walio mbali, lenzi ya TZ100, inayoishia milimita 250, haitakufikisha. Chukua ya mara 30 na upige mchana.