Dhoruba ikikukuta katikati ya Ziwa Victoria

Ndugu, umeuliza: umetoka Kasenyi, karibu na Entebbe, Uganda, kwenda Kalangala visiwani na mtumbwi wa mbao, mashine ya farasi 15, hali inachafuka katikati. Urudi, uendelee au usimame? Nimeendesha mitumbwi njia hiyo miaka mingi. Geuza omo, yaani mbele ya mtumbwi, uelekee upepo, punguza mashine, ngoja ipite.

Wengi hukimbilia nchi kavu, na hilo ndilo linaloniuma. Kuwa karibu na ufuo si kupona: boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, Uganda, Novemba 2018, haikuwa mbali na ufuo, na watu zaidi ya 30 walikufa.

Ziwa letu ni pana, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa pumzi. Ukiyapa ubavu, la kwanza linakulaza na la pili linaingia kabla hujainuka. Ukiyapa mgongo yanapanda tezi, penye mashine, na hapo ubao uko chini. Yapokee kwa omo, mshazari kidogo. Wimbi likija ongeza moto ulipande. Ukifika juu punguza, ushuke taratibu, la sivyo omo inachoma linalofuata.

Abiria wote wakae chini sakafuni, na mmoja achote maji tangu mwanzo bila kukoma. Jaketi za kuokolea zivaliwe ufukoni. Mtumbwi ukisharushwa, vidole vyenye baridi havifungi mkanda.

Mashine hupenda kuzima wakati huohuo, kwa sababu msukosuko huinua uchafu na maji yaliyotulia chini ya tangi la petroli. Usianze kuvuta kamba ya kuwashia. Kwanza funga rundo la nyavu kwenye kamba ndefu, ifunge omoni, tupa majini. Nyavu zitashikilia omo kwenye upepo huku ukikausha plagi na kusafisha chujio.

Kuhusu saa ya kutoka: usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa, ndiyo maana radi nyingi za huko ndani ni za usiku hadi alfajiri. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanazijua sana. Ukiona umeme kusini alfajiri, kaa kwanza.

Na mvua ikikatika usigeuze upesi. Upepo hutulia kabla ya mawimbi; shikilia omo hapohapo mpaka yalale.