Ulizia kiti kabla ya kitanda

Shangazi alininunia siku mbili. Kosa langu ni kwamba nilishuka gari moshi Miritini, Mombasa, na begi mgongoni, na badala ya kwenda kwake Mji wa Kale nikaenda kulala hotelini. "Weye huna kwenu?" akaniuliza kwenye simu. "Watu wakikuona watoka mlango wa hoteli asubuhi, watasemaje?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nyumba yake naipenda kuliko hoteli yoyote, lakini ni ya zamani, kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kama za ngome, na Wi-Fi ikitoka sebuleni haifiki chumba cha pili. Nami kula yangu ni ukalimani wa video. Daktari yuko Marekani, mgonjwa wake ni Mkongo aliyehamia huko na hajashika Kiingereza, mimi niko katikati yao nageuza maneno. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 alasiri yetu. Majira yao ya baridi yakiingia wanarudisha saa nyuma, huwa saa 11. Kwa hiyo kazi yangu huanza watu wakifunga ofisi na huisha usiku wa manane.

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikija nyumbani mara tatu nne kwa mwaka, na nimelala kwenye hoteli kadhaa za mjini zinazojitangaza kuwa za kisasa, zenye ukumbi wa kufanyia kazi pamoja. Picha zao mtandaoni zimekaa kama ndugu wa tumbo moja: vijana wanne kwenye meza ndefu, kompyuta wazi, kikombe cha kahawa yenye povu, balbu zinaning'inia kwa waya. Kitanda utaonyeshwa kwa pembe sita. Kiti cha chumbani huonyeshwi. Sasa piga hesabu: kitandani nitalala saa sita, kitini nitakaa saa nane.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijatuma hata shilingi, nawaandikia watu wa mapokezi kwenye WhatsApp nikiomba picha ya kiti na meza ya chumbani. Wengine hucheka. Mmoja aliniuliza kama naja kununua fanicha. Lakini wiki moja niliyofanya kazi kwenye stuli ndefu ya ukumbini, aina ile ya baa, miguu ikielea na hakuna pa kuegemea, nililipia kwa kukandwa mgongo siku nne. Kiti kiwe na mgongo, meza iwe ya kuingiza magoti chini yake, na soketi iwe karibu na meza. Soketi iliyo nyuma ya kitanda haikufai kitu, na ekstensheni ya hoteli daima iko kwa mgeni mwingine.

Jambo la pili ndilo lililonigharimu zaidi.

Jioni moja ya mwezi Machi, joto limebana mpaka ukuta unatoa jasho, nilikuwa katikati ya kikao. Stima ikakatika. Jenereta ikanguruma, taa zikarudi kabla sijamaliza kusema "samahani". Nikashusha pumzi. Kutazama kioo cha kompyuta, daktari ameganda mdomo wazi. Jenereta ile iliwaka ndani ya nusu dakika, lakini ruta ilipozimika ililazimika kuanza upya: ijiwashe, itafute mtandao, na vile visanduku vya Wi-Fi vya kila ghorofa viamke kimoja kimoja viiulize ruta habari. Dakika tano nzima. Niliporudi hewani mgonjwa alikuwa ameshapewa mkalimani mwingine, na kwenye rekodi yangu nimeandikiwa kuwa nimekimbia kikao. Niliteremka mapokezi nikiwa nimefura. Kijana wa pale akanitazama kwa huruma ya kweli: "Lakini dada, stima imerudi." Na kwa upande wake alikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo siulizi kama kuna jenereta. Hoteli zote zinayo. Nauliza hivi: "Stima ikikatika, intaneti yenu hukaa muda gani kurudi?" Ukijibiwa "tuna jenereta", hujajibiwa. Unachotaka kusikia ni kwamba ruta na vile visanduku vya ghorofani vimeunganishwa na betri ya akiba, ili visijue kabisa kwamba stima imekwenda. Mtu wa mapokezi akishindwa, mwombe akuunganishe na fundi wao. Fundi huwa anajua, na huwa anafurahi kwamba hatimaye kuna mtu amemuuliza.

Jamaa zangu wa bara hunitania: vipi mtu wa Mombasa alie na intaneti, na nyaya za baharini zinatokea mlangoni kwenu? Ni kweli. TEAMS na SEACOM zilifika pwani hii mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ikitegemea setilaiti. Lakini waya kufika ufukweni ni safari moja, na kutoka ufukweni hadi kwenye meza yako ghorofa ya tano ni safari nyingine. Na hizo nyaya zenyewe hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini iliteremsha nanga ikaikata TEAMS hapa hapa mlangoni. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikatambaa. Kwa hivyo ulizia kama hoteli ina kampuni mbili za intaneti au moja tu. Kisha nawe ujiwekee akiba yako: simu yenye laini ya kampuni tofauti na ile inayolisha hoteli, na bando limeshanunuliwa. Ukisubiri kununua bando katikati ya msiba, utakuwa umeshachelewa.

Kuhusu kasi, usibabaishwe na tarakimu zilizoandikwa kwenye kadi ya mapokezi. Mkutano mmoja wa video hautaki zaidi ya megabiti nne hivi kwa sekunde, kwenda na kurudi. Hiyo ya kwenda ndiyo ya kuichunga, kwa sababu hoteli husifia kasi ya kupakua na kunyamazia ya kupakia. Na upime saa zile utakazofanya kazi. Asubuhi saa 4 kila hoteli ina intaneti nzuri. Wageni wako baharini. Pima saa 3 usiku, watu wakiwa wamerudi na kila chumba kinatazama filamu. Pima ukiwa umekaa pale mezani, mlango umefungwa. Ikiwa simu yako inakuonyesha majina mawili ya mtandao, moja likiwa na tarakimu 5 mwishoni, hilo huwa na kasi zaidi lakini halipendi kuta. Lile lingine ni la polepole lakini lina pumzi ndefu. Mimi nikipelekwa chumbani natembea nikitazama dari la korido. Ukiona kile kisahani cheupe chenye kitaa kidogo kinachotoa Wi-Fi, hesabu milango mpaka chumba chako. Ikizidi mitatu minne, rudi uombe kingine kabla hujafungua begi.

Huo ukumbi wa pamoja wenyewe naupenda, nisieleweke vibaya. Chumbani peke yangu siku nzima nazeeka. Lakini kazi yangu ni ya siri za watu, na ukumbi hauna siri. Nimewahi kukaa meza moja na wakala wa kutoa mizigo bandarini aliyeweka simu kwenye spika kuanzia saa 5 mpaka adhuhuri. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa najua kontena lake limekaa Kilindini siku ngapi, gharama imefika wapi, na nani katika ukoo wao ndiye wa kulaumiwa. Kama yeye nilimsikia hivyo, nami ningesikika hivyo hivyo. Hoteli nyingi zimeweka vijumba vya kioo vya kupigia simu. Viingie kabla ya kuvitegemea. Vingine vilichorwa na mtu wa nchi ya baridi: havina pa kupumulia, na baada ya dakika kumi za hali ya hewa ya Mombasa unatoka umeiva. Vingine vina feni ndogo darini inayoingia kwenye kipaza sauti kama helikopta. Kwa kazi za kusoma na kuandika nakaa ukumbini. Kwa vikao nafunga mlango wa chumba changu.

Adhana je? Alasiri hunikuta najiandaa. Magharibi na isha ziko ndani ya saa zangu. Nimeomba mapumziko yangu yaangukie magharibi, nazima kipaza sauti, naswali, narudi. Ukitaka chumba cha upande mwingine wa jengo, omba kwa adabu. Ukija kuilalamikia adhana Mvita, hapo sina ushauri.

Uliza pia ukumbi unafungwa saa ngapi. Ile "saa 24" iliyoandikwa mtandaoni mara nyingi humaanisha kwamba viti havitolewi nje usiku. Kiyoyozi kinazimwa saa 4, na saa 5 anakuja mtu na ndoo na mopu.

Halafu kuna ile kadi ya kuchomeka ukutani ndipo chumba kipate stima. Ukitoka nayo kwenda kula viazi vya karai, chumba chote kinazimika na kompyuta uliyoiacha kwenye chaji haijali mipango yako. Omba kadi ya pili, au tafuta soketi ya friji, ambayo aghalabu haizimwi. Na ukiwa umepoza chumba kama bucha, usichomoe kompyuta baridi ukaenda kuifungua barazani papo hapo: unyevu wa huku hukaa juu yake kama umande. Iache ndani ya begi kwanza mpaka ipate joto la nje.

Mambo mengine ni madogo. Televisheni za kisasa hukuruhusu kuingia na akaunti yako. Kabla hujaondoka, jitoe. Nimeshawahi kuipokea akaunti ya mgeni aliyetangulia, jina lake na kila alichotazama. Meza ya ukumbini usiiwekee miliki kwa kutandaza chaja yako kisha ukaenda kulala. Mahali pa kulala chagua upande wa maji ulio na miadi yako: kama watu unaokutana nao wako kisiwani, hoteli ya Nyali itakufunza foleni ya daraja jioni, na kama uko Likoni itakufunza feri. Na hata ukijisajili kwa simu, ukafungua mlango kwa simu, ukalipa kwa simu, jiandae: getini kuna askari mwenye kitabu kikubwa na kalamu iliyofungwa kwa kamba, anayetaka jina, namba ya kitambulisho na saa uliyoingia. Nawapenda wale. Simu yangu ilipokufa chaji nikiwa nje usiku, ni kitabu kile kilichothibitisha kwamba mimi ni mgeni wa pale.

Gharama ndiyo iliyonileta mahali nilipo sasa, pamoja na Shangazi. Ziara iliyopita niliuliza swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza: je, naweza kulipia ukumbi bila chumba? Kumbe naweza. Nililipa shilingi 1,500 kwa siku, chai ikiwemo. Basi nikapanga hivi: siku zisizo na vikao nalala kwa Shangazi, asubuhi nakwenda hotelini kwa miguu kutafsiri nyaraka, magharibi niko nyumbani. Siku za vikao, ambazo kwa wiki huwa mbili, nachukua chumba. Bei ikapungua zaidi ya nusu, na majirani wananiona natoka mlango unaostahili.

Hakuridhika mpaka aone kwa macho. Siku ya Alhamisi akaja na buibui lake jipya na hotpoti la mahamri na mbaazi, askari akamwandikisha kitabuni, akapanda lifti akiwa amenishika mkono. Chumbani hakukitazama kitanda. Alipapasa meza, akaikuna kwa kucha kuona kama ni mbao za kweli, akajiachia kwenye kile kiti cha magurudumu. Akaegemea. Akasukuma sakafu kwa ncha ya kiatu, kiti kikazunguka mpaka akatazamana na dirisha, akarudi.

"Hiki kiti kizuri," akasema. "Waulize, chauzwa?"