AC ya gari haipozi: chupa ya gesi ikae kando kwanza

Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikilegea, hapa Malindi kila dereva anayebeba wageni wa uwanja wa ndege huikumbuka AC yake. Atakuja gereji na jibu tayari mdomoni: "Fundi, nijazie gesi." Wewe mwanagenzi mwitikie vizuri, kisha usiiguse chupa.

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua sana, imetokea mahali. Kujaza kabla hujapajua ni kutia maji mtungi uliotoboka, na mwenye gari akirudi hatakuja kwa salamu.

Washa injini, washa AC, weka feni ya ndani mwisho. Upepo ukiwa mdogo, tazama kichujio cha ndani. Vumbi letu hukiziba upesi. Ukiwa mwingi lakini wa joto, fungua boneti usikilize kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kluchi yake, inayoiunga na puli ya mkanda wa injini, ikishika hulia "ta", na sahani ya mbele huzunguka pamoja na puli. (Baadhi ya magari mapya hayana kluchi ya namna hii, msidanganyike.) Isiposhika, kagua fyuzi, rilei, nyaya, kisha swichi ya presha. Swichi hiyo huizuia kompresa gesi ikiwa chache, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri na gesi. Wapo wanaoiunga waya moja kwa moja ili kompresa izunguke kwa nguvu. Itazunguka, na itajisaga.

Linalosahauliwa zaidi ni kondensa, ile kama rejeta iliyo mbele ya gari inayotoa joto la gesi nje, na feni yake. Gari likienda mbio barabara ya Kilifi linapoza, likikwama karibu na soko linatoa joto: anza na feni. Halafu piga magoti utazame kondensa yenyewe. Kwa magari yanayolala karibu na ufuo, chumvi hula mapezi ya alumini hadi yakawa unga mweupe, ukiyagusa kwa kidole yanabomoka. Hayo usiyapige maji ya presha, utamaliza yaliyobaki. Mwambie mwenyewe ukweli kwamba hiyo ni ya kubadilisha.

Sasa ndipo geji za presha: moja ya upande wa chini, gesi inaporudi kwenye kompresa, na moja ya upande wa juu, inapotoka. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwa gesi ya R134a na joto la nyuzi 30, pande zote mbili husoma kama psi 95. Zikisoma 40, gesi imetoka. Zikisoma 95 usishangilie, maana hata gesi ikiwa nusu, ilimradi kuna ya majimaji ndani, presha ni ileile. Injini ikiwaka, kwa joto letu natarajia 30 hadi 45 upande wa chini na 200 hadi 250 upande wa juu. Pande zote zikiwa chini, gesi ni chache. Zote zikiwa juu, kondensa haipumui au kuna aliyejaza kupita kiasi. Chini ikipanda na juu ikishuka, hapo ndipo naishuku kompresa.

Pa kuvuja hujionyesha kwa mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio. Usipopaona, jaza naitrojeni upake povu la sabuni. Ukishaziba, vuta hewa kwa pampu nusu saa au zaidi, funga, ungoje. Mshale wa geji ukipanda, kazi bado. Hewa ya pwani ina maji mengi, na maji yakibaki ndani huganda kwenye vali ya kutanulia gesi: AC inapoza, inaacha, inarudi tena. Gesi ipimwe kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Mtu akikwambia gesi ya kupikia nayo yapoza, ni kweli yapoza, lakini pia yashika moto, na evapoleta, inayopoza hewa ya ndani, iko mbele ya magoti ya abiria.

Kazi ikiisha, mtoe wasiwasi mteja kuhusu maji yanayodondoka chini ya gari. Ni unyevu wa hewa, ndiyo dalili kwamba evapoleta ni baridi. Yakidondokea ndani kwenye zulia, zibua mpira wa kutolea maji.