Wasomaji Wanauliza: Mifugo ya Mongolia, Baridi au Njaa?

Nimesikia redioni kwamba Mongolia hupoteza mamilioni ya wanyama kwa msimu mmoja wa baridi. Watu waliozaliwa kwenye baridi hiyo, mbona hawajengi mabanda ya kuwatosha? (Mfugaji, Konde, Pemba)

Mabanda wanayo. Kinachoua zaidi ni njaa. Baa hilo wenyewe huliita dzud, na chanzo chake mara nyingi ni kiangazi: mvua ikikosekana Juni na Julai, majani hubaki mafupi na mnyama huingia Novemba bila mafuta mwilini. Theluji nene ikifunika hayo majani machache, hiyo ni dzud nyeupe. Wanayoiogopa zaidi ni dzud ya chuma: theluji huyeyuka kidogo mchana, usiku ikaganda, malisho yakawa chini ya barafu ambayo kwato za kondoo haziivunji. Ipo na nyeusi, ambapo theluji haianguki kabisa, na wanyama waliozoea kuila badala ya kunywa maji hufa kiu.

Mnyama aliyeshiba huvumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu majani yanayochacha tumboni ndiyo jiko lake. Aliyekonda hujikokota hadi Machi au Aprili, kisha upepo mmoja wenye theluji mbichi unammaliza. Ndivyo walivyokufa zaidi ya milioni 8 katika msimu wa 2009–2010, na zaidi ya milioni 7 katika ule wa 2023–2024.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa kabla. Vuli yao, Septemba na Oktoba, wachungaji huhamisha kundi mbali na nyumbani, safari iitwayo otor, ili wanyama wanenepe huko na malisho ya kambi ya baridi yabaki bila kuguswa. Mchungaji asiye na subira akiyala mapema, Februari hana pa kwenda. Kukata majani peke yake hakutoshi. Piga hesabu: kondoo 300, kilo moja kila mmoja kwa siku, siku 60, ni tani 18. Ndiyo maana akiba hiyo huwekewa wagonjwa, wenye mimba na watoto. Wengine hutafuta wenyewe, na farasi hutangulizwa. Wao hupasua theluji kwa kwato, kisha kondoo na mbuzi hufuata nyuma wakila kilichofunuliwa. Ng'ombe ndiye dhaifu hapo, hajui kuchimba.

Banda lenyewe lina siri moja ya kupendeza. Samadi ya kondoo iliyokanyagwa msimu mzima hukatwa kwa koleo vipande kama matofali, ikapangwa kuziba ukuta upande wa upepo. Ile kavu iliyosagika hutandikwa chini kama godoro. Ikilowa, kazi imeharibika: manyoya hunyonya unyevu, na asubuhi mnyama akitoka nje huganda. Banda lililozibwa bila tundu la hewa huleta madhara hayo hayo, mvuke wa pumzi za wanyama ukidondoka kama maji kutoka kwenye paa. Ng'ombe aliyekonda hufungwa joho la sufi iliyogandamizwa, likafunika mgongo na kifua, kamba zikipita chini ya tumbo.

Kosa linalorudiwa ni kumpa mnyama mwenye njaa nafaka nyingi ghafla. Tumbo huchachuka na anakufa akiwa na chakula mbele yake. Aanze na majani makavu, kisha konzi ya pumba, iongezwe taratibu kwa wiki nzima.

Mizoga yote ile huenda wapi? (Msomaji, Mkoani)

Ardhi imeganda kama zege, hakuna wa kuchimba. Ngozi huchunwa, mizoga hurundikwa mbali na maji, na maziko hungoja majira ya kuchipua. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliwalipa wafugaji kwa kazi hiyo, na wengi walikuwa wamebakiwa na hicho tu cha kuwaingizia pesa.

Sisi hatuna theluji. Kuna la kuchukua kwao? (Mfuga ng'ombe, Micheweni)

Lipo, nalo ni kuuza mapema. Wao huchinja au kuuza wazee na wasiozaa kabla ya baridi, wakiwa bado wanono. Hapa kwetu watu hungoja Februari, kaskazi imekausha kila kitu, ng'ombe kakonda kwenye kamba yake, na mnunuzi anataja bei anayotaka.

La pili ni majani. Mvua za masika zikishakatika, kata kabla hayajatoa mbegu, anika siku mbili au tatu ukigeuza. Sokota konzi moja kwa nguvu: likitoka tone la maji, bado. Yapange juu ya fito, yasiguse ardhi, vinginevyo yataota ukungu. Ng'ombe wa kilo 250 huhitaji kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kwa siku 60 ni kilo 360. Machicha ya nazi yaliyokaushwa yanasaidia, lakini yakivunda usimpe.

Wao wana pia bima ya mifugo tangu 2006. Hulipa kwa kuangalia vifo vya wilaya nzima, si vya zizi lako, hivyo aliyeangalia wanyama wake vizuri hapunjwi.