Kwa Nini Georges Alifunga Mlango

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, baada ya kuitazama Amour, ile filamu ya mzee Georges anayemuuguza mkewe Anne nyumbani, inakuwaje baba amfungie binti yake mlango wa chumba alimolala mama yake mgonjwa. Unasema hapo ndipo palipokuuma zaidi.

Georges hakumchukia binti yake Eva. Mtazame tu Eva anavyokuja: analia, anataka kujua kwa nini mama harudishwi hospitali, ilhali Anne mwenyewe, baada ya upasuaji wa mshipa wa shingoni kushindikana na upande wa kulia kupooza, alimwapisha mumewe asimrudishe huko kamwe. Georges anamwambia binti yake wazi kwamba wasiwasi wake haumsaidii kitu. Ni maneno makali, lakini nayaelewa. Anayeuguza ana mgonjwa wa kumgeuza asitoke vidonda vya kulalia, wa kumbadilisha nepi, wa kumnywesha maji kidogo kidogo maana kiharusi huharibu hata kumeza. Anayeingia na machozi naye anataka kubembelezwa. Nguvu hizo Georges azitoe wapi?

Tena kuna heshima ya Anne. Mwalimu wa piano, aliyezoea kuonekana nadhifu, hakutaka kutazamwa katika hali ile. (Emmanuelle Riva, aliyemwigiza Anne, alikuwa na miaka 85 alipoteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huo. Mimi nilisahau kabisa kwamba anaigiza.)

Hata hivyo mzee alikosea. Alimfukuza muuguzi mmoja, na hapo alikuwa na haki, kwani yule alimshika Anne kama mzigo. Lakini kumfungia na binti? Siku Anne anatema maji na Georges anamzaba kibao, wengi wanaona ukatili. Mimi naona mtu ambaye hakuna aliyempokea zamu.

Kwa hiyo zamu yetu ikifika, usije kutuuliza tufanye nini. Niambie nikalale, wewe ukeshe na mama yako. Nitakataa, unanijua. Usinisikilize.

Kuhusu ule mto wa kulalia ambao mwishoni Georges anamziba nao Anne pumzi hadi afe, mama yako anasema ni huruma. Mimi nasema Georges alikuwa ameachwa peke yake mno, na mtu wa namna hiyo hafai kuamua jambo zito kama lile. Hatujaafikiana. Ukija tutakusikiliza na wewe.

Baba yako